Ni gari au ni dereva? Kutatua ugomvi wa BoP na nidhamu kwenye ligi ya GT3

Mbio za simyuleta zikiisha tu, simu ya msimamizi wa ligi huanza kulia. Malalamiko ni ya aina mbili: "gari lile limependelewa" na "dereva yule hana adabu". La kwanza hujibiwa kwa kuliongezea gari kilo za uzito, la pili kwa adhabu, na wiki inayofuata yanarudi yaleyale. Yanarudi kwa sababu mara nyingi yalikuwa tatizo moja tangu mwanzo. Magari mawili yanaweza kuwa na muda uleule wa mzunguko na bado yakagongana kila wiki kwenye kona ileile, kwa kuwa moja linavuna muda wake kwenye sehemu iliyonyooka na jingine linauvuna kwenye kona. Ukimwadhibu dereva bila kuliona hilo, umemwonea. Ukilibebesha gari kilo bila kuliona hilo, umewaonea wote wanaoliendesha.

Mwongozo huu ni wa wanaosimamia ligi za simyuleta, yaani mbio za magari za kwenye kompyuta, hasa mchezo wa Assetto Corsa Competizione, kwa mbio za kuanzia saa tatu hadi 24. Mifano ya mbio halisi nimeiweka kwa sababu wenzetu wa viwanja vya kweli wamepitia haya yote kabla yetu, na maamuzi yao yameandikwa.

BoP (Balance of Performance) ni kusawazisha uwezo wa magari. Daraja la GT3 lilianza mwaka 2006 chini ya Stéphane Ratel na kampuni yake ya SRO, inayoandaa mbio za magari ya GT. Wazo lilikuwa kila mtengenezaji alete gari la michezo analouza kwa wateja, kisha wasimamizi wayaweke yote kwenye kiwango kimoja. Ndiyo maana Porsche 911 yenye injini nyuma ya ekseli ya nyuma, Ferrari 296 yenye V6 ya turbo katikati, na Mercedes-AMG yenye V8 ya lita 6.2 mbele, isiyo na turbo, zinapishana kwa sehemu za sekunde. Kwenye mbio halisi husawazishwa kwa uzito, kizuizi cha hewa inayoingia kwenye injini, shinikizo la turbo, kimo cha gari na pembe ya bawa la nyuma. Kwenye sava yako, yaani kompyuta inayoendesha mbio za ligi, umepewa viwili tu: kilo za ziada na asilimia ya kizuizi cha hewa. Vina tabia tofauti. Uzito huliumiza gari kila mahali: kwenye breki, ndani ya kona, wakati wa kutoka, na kwenye matairi kadiri zamu (kipindi cha kuendesha kati ya kusimama piti) inavyosonga. Kizuizi huuma pale tu mguu umekanyaga hadi chini. Msimamizi anayetumia kilo kwa kila ugonjwa atazalisha ugonjwa mwingine.

Kabla hujagusa chochote

Fungua faili la matokeo ambalo sava huliandika. Lina muda wa kila mzunguko wa kila dereva, umegawanywa kwa sekta tatu, yaani vipande vitatu vya uwanja. Toa mizunguko miwili ya mwanzo, ya kuingia na kutoka piti (mahali pa kujaza mafuta na kubadili matairi), na iliyobatilishwa. Katika iliyobaki, chukua moja ya tano iliyo bora ya kila dereva, upige wastani. Usitumie mzunguko mmoja bora. Huo hupatikana kwa kuvutwa na upepo wa gari la mbele, tena tangi likiwa karibu tupu, na lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi, nyingi kuliko BoP yoyote utakayotoa.

Halafu linganisha madereva wa kiwango kimoja. FIA, shirikisho la kimataifa la magari, huwagawa madereva katika Platinum, Gold, Silver na Bronze, kuanzia walio bora hadi wasio wa kulipwa, na daraja la LMGT3 lililoingia kwenye WEC, mashindano ya dunia ya mbio ndefu, mwaka 2024 linataka kila gari liwe na dereva wa Bronze. Fanya mgawanyo kama huo kwenye ligi yako, hata kama utabaki kwenye daftari lako.

Dalili: washindi wote wako kwenye gari moja

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza si gari. Madereva wazuri hufuatana: mmoja akishinda na gari fulani, wawili wenye kasi wanahamia huko, na baada ya mwezi jedwali linaonekana kama ushahidi wa upendeleo.

Kipimo ni rahisi. Tafuta madereva watatu wa viwango tofauti, kila mmoja aendeshe gari linalolalamikiwa na gari jingine, mizunguko 15 kila moja, mafuta sawa, joto la lami sawa, shinikizo la matairi kati ya psi 26 na 27 yakiwa yamepata moto. Wote watatu wakipata nafuu inayokaribiana, hiyo ni BoP, rekebisha. Yule mwenye kasi akipata nafuu huku wa Bronze akipoteza muda, gari halijapendelewa. Ni gumu, na linamlipa anayelimudu. Usilipige kilo, maana utakaowaumiza ni wa Bronze ambao tayari wanahangaika nalo.

Kumbuka pia uwanja. SRO huviweka viwanja kwenye makundi na kila kundi lina BoP yake, kwa sababu gari linalotamba Monza, penye nyoofu ndefu, laweza kuachwa kwenye uwanja wa kona nyingi. Mfano ulio karibu nasi ni Kyalami, Afrika Kusini, kulikofufuliwa mbio za Saa 9 mwaka 2019. Uwanja uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Yeyote aliyepandisha gari kuukuu kutoka Mombasa hadi Nairobi anajua linavyokosa pumzi: injini isiyo na turbo hupungukiwa hewa, yenye turbo hujisukumia yake. Jedwali la BoP la Spa, Ubelgiji, likinakiliwa Kyalami bila kuguswa, nusu ya magari yameshaonewa kabla ya taa kuzimika.

Dalili: magari yaleyale, kona ileile, kila wiki

Hapa ndipo ligi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua Spa-Francorchamps, kilomita 7 na mita chache. Gari A lina kasi kwenye sehemu nyoofu, gari B lina kona nzuri. Kwa wastani wanapishana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwenye karatasi hiyo ni BoP safi. Sasa tazama rikodi. Tangu Pouhon B anamsogelea A. Wakifika Stavelot yuko mita kumi nyuma, na kwenye chikeni (kona za zigizaga) ya mwisho pua yake imegusa bampa. Wanatoka La Source, wanapanda Raidillon, na kwenye mnyoosho wa Kemmel A anakwenda zake. Wakifika Les Combes, mahali ambapo kila mtu angetaka kupita, B yuko mbali mno hata kujaribu. Sekta ya pili inaanza, B anasogea tena.

Mzunguko wa kwanza hilo ni mbio. Mzunguko wa sita matairi ya mbele ya B yamechemka kwa kukaa kwenye hewa iliyovurugwa, muda wake wa zamu unayoyoma, na gari la tatu limewafikia. Anachomeka pua ndani kwenye kona isiyo na nafasi. Wanagongana. Waamuzi wanatazama sekunde tano za mwisho, wanaandika "alijirusha kutoka mbali", wanampa B adhabu. Uamuzi ni sahihi. Lakini ukiishia hapo, wiki ijayo B mwingine atafanya vilevile.

Kipimo: weka sekta za magari hayo mawili upande kwa upande. Kama tofauti ya mzunguko ni ndogo lakini A anapata nusu sekunde sekta ya kwanza na kuirudisha sekta ya pili, chanzo ni umbo la mzunguko. Tazama na kasi ya juu kabisa mwisho wa Kemmel kwa mizunguko ambayo hakuna gari mbele.

Dawa ni kizuizi cha hewa kwa A, kidogo kidogo, asilimia moja au mbili kila mara. Kisha mwondolee A baadhi ya kilo kama ulikuwa umemwongezea, ili arudishiwe kwenye kona alichonyang'anywa kwenye nyoofu. Muda wa mzunguko utabaki palepale. Kinachobadilika ni kwamba sasa kuna mahali pa kupitana, na dereva mwenye mahali pa kupita hasukumwi na uchungu. Ukimwongezea A kilo badala yake, utakuwa umemfanya mzito zaidi ndani ya kona huku akibaki mwepesi wa kukimbia kwenye nyoofu. Foleni nyuma yake itarefuka na magongano yataongezeka. Kosa hili ndilo linaloharibu ligi kuliko ubabe wa dereva yeyote.

Kwa upande wa nidhamu, A naye ana wajibu. Kulinda nafasi ni haki yake: anachagua upande mara moja, anabaki nao. Akihama mara ya pili mwenzake akiwa ameshakanyaga breki, au akipunguza katikati ya kona mahali ambapo mizunguko yote iliyopita hakupunguza, hilo linaonekana kwenye rikodi ya kanyagio na liadhibiwe hata kama aliyegongwa ni yeye.

Dalili: kugongana wakati wa kuwapita walioachwa mzunguko

BoP haina la kufanya hapa. Tofauti ya kasi imewekwa makusudi, hasa ukichanganya GT3 na GT4, daraja la chini lenye kasi ndogo.

Mfano wa kufundishia ni mbio za Nürburgring Saa 24, Ujerumani, za mwaka 2025. Porsche nambari 911 ya timu ya Manthey, Kévin Estre akiwa kwenye usukani, iligusana na Aston Martin ya GT4 ilipokuwa inaipita, na Aston ikabingirika. Waamuzi walitoa adhabu ya sekunde 100. Porsche ilivuka mstari ikiwa ya kwanza, lakini ushindi ukaenda kwa BMW nambari 98 ya timu ya Rowe. Msimamizi anayesitasita kumwadhibu kinara kwa sababu "ataharibu matokeo" na akumbuke uamuzi huo.

Kanuni ninayoishikilia: anayepita ndiye anayebeba mzigo wa kupita salama. Anayepitwa kazi yake ni kutabirika, yaani kubaki kwenye mstari wake wa kawaida. Bendera ya buluu katika mbio ndefu humwambia kuna mtu nyuma, haimwambii ajitupe kwenye majani. Magongano mengi ya aina hii husababishwa na wema usiotarajiwa: wa mbele anapisha ghafla kwa kuhamia upande uleule ambao wa nyuma ameshauchagua. Fundisha ishara moja kwa ligi nzima, kwa mfano anayepitwa awashe indiketa ya upande anaobaki, na anayepita amulike taa mara moja tu. Kumulika mfululizo usiku kunampofusha mwenzako kwenye vioo, na aliyepofushwa hatabiriki.

Dalili: gari "limeruka" na kunigonga

Hii inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, maana sava nyingi tunazokodi ziko Ulaya. Mawasiliano yakichelewa kwa milisekunde 150, gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa limeshasogea zaidi ya mita 8, karibu urefu wa magari mawili. Simyuleta inajaza pengo hilo kwa kukisia gari litakuwa wapi. Wa mbele akikanyaga breki ghafla, kwenye skrini yako bado anakwenda.

Kabla ya kumhukumu yeyote, dai rikodi za pande zote mbili. Zikitofautiana kwa nafasi, si kosa la dereva, na adhabu ifutwe. Kinga ni kuweka kikomo cha ping (muda wa mawasiliano kwenda kwenye sava na kurudi), kuwataka madereva watumie waya badala ya Wi-Fi, na kukubaliana kwamba wenye mawasiliano ya mbali wanaachiana nafasi ya ziada kwenye kubreki. Ping inayopanda na kushuka ni mbaya kuliko iliyo juu lakini imetulia, kwa sababu iliyotulia dereva huizoea.

Dalili: makosa yanajaa saa ya tatu na kuendelea

Angalia saa ya magongano kabla ya majina. Yakijazana mwisho wa zamu, chanzo ni uchovu. Kwenye mashindano yake ya GT World Challenge Europe, SRO huweka ukomo wa dakika 65 kwa zamu moja, na madereva wale wana mazoezi na daktari. Dereva wako ameketi chumbani Dar es Salaam mwezi wa pili, feni inasukuma hewa moto, ametoka kazini. Sava inakuruhusu kuweka ukomo wa zamu na ukomo wa jumla wa muda wa kuendesha. Tumia vyote viwili, la sivyo yule hodari ataendesha saa tano na kumwachia mwenzake moja.

Kuna chanzo cha pili kinachojificha humohumo: gari lililobebeshwa kilo nyingi humaliza matairi mapema, hivyo kosa la dakika ya 55 linaweza kuwa lilipandwa na BoP yako. Linganisha kushuka kwa kasi kati ya mizunguko mitano ya mwanzo na mitano ya mwisho ya zamu, gari kwa gari.

Dalili: "tunaenda sawa barabarani lakini tunapoteza piti"

Mfano wa hesabu. Mbio za saa sita Spa, mizunguko 152 hivi, matangi ya lita 120. Gari moja linakula lita 3.6 kwa mzunguko, linapata mizunguko 33 kwa tangi, linamaliza kwa matangi matano. Jingine linakula 3.9, linapata 30, mara tano ni 150. Limebakiza mizunguko miwili, kwa hiyo linaingia piti mara moja zaidi. Ukipoteza dakika moja huko, ni sawa na kuwa mzito kwa sehemu nne za kumi za sekunde kila mzunguko, mbio nzima, bila yeyote kuiona kwenye muda wa kufuzu.

Lakini usikimbilie BoP. Gari hilo linahitaji mizunguko 31 kwenye matangi mawili tu kati ya matano. Hiyo ni lita 3.87 badala ya 3.9. Dereva akiinua mguu mapema kidogo kabla ya La Source na kabla ya chikeni ya mwisho, ameipata, tena bila kupoteza muda wa maana. Timu inayokuja kulalamika kuhusu mafuta iulizwe kwanza kama imejaribu hilo. Ikiwa imejaribu na bado haifiki, hapo una hoja ya kweli mezani.

Dalili: kasi inayojitokeza siku ya mbio tu

Kuficha kasi ili upewe BoP nafuu ni kosa la nidhamu lililovaa nguo za ufundi, na adhabu yake iwe ya nidhamu. Mwaka 2016 magari ya Mercedes-AMG yalipewa adhabu ya kusimama dakika tano kwenye Spa Saa 24, baada ya waamuzi kukuta mpangilio wa injini uliotumika kwenye kufuzu haukulingana na uliokubaliwa. Mwaka huohuo IMSA, wasimamizi wa mbio za Marekani, iliwaadhibu Lamborghini baada ya mbio za Daytona kwa kuonyesha mbioni uwezo uliozidi waliouonyesha awali. Nürburgring mwaka 2019, Porsche iliyomaliza ya pili ilifutwa injini yake ilipopimwa na kukutwa na nguvu iliyozidi kikomo.

Kwenye simyuleta hakuna injini ya kuchokonoa, kuna mguu mzito na mguu mwepesi. Anayejificha humaliza sekta mbili kwa kasi yake ya kweli, kisha huinua mguu sekta ya tatu ili muda wa jumla uonekane wa kawaida. Jumlisha sekta bora za kila dereva, linganisha na mzunguko wake bora. Pengo likizidi la wenzake kwa mbali, mwite umuulize. Na usitumie mazoezi ya hiari kama msingi wa BoP. Tumia mbio zilizopita, ambako kila mtu alikuwa na sababu ya kukimbia.

Dalili: adhabu zinatolewa, tabia haibadiliki

Mara nyingi adhabu inachelewa au haigusi. Sekunde kumi zinazoongezwa kesho yake kwa mtu aliyeshinda kwa dakika mbili hazimfundishi chochote. Mfumo unaofanya kazi ni wa alama za leseni: kila kosa lina alama, zikifika idadi iliyotangazwa anaanzia piti, zikizidi anakosa mbio moja. Alama zifutike baada ya mbio kadhaa safi, ili mtu awe na sababu ya kujirekebisha. Kigezo cha usalama ambacho sava inakuwezesha kudai kabla ya kuingia kinawazuia wageni wazembe, ila hakipimi hasira za watu wanaojuana.

Mwamuzi asiwe anayeshindania ubingwa huohuo. Kama ligi ni ndogo na hamna budi, kesi ya mbio zenu iamuliwe na wa ligi jirani, nanyi muamue yao.

Ushahidi uwe na sekunde 20 kabla ya kugongana, si tano, kwa sababu ya yale tuliyoyaona Les Combes. Fomu ya malalamiko iwe na swali hili la lazima: ulijaribu kumpita wapi kabla ya hapo, na nini kilikuzuia? Majibu yakianza kufanana kutoka kwa madereva wasioongea pamoja, peleka fomu hizo kwa anayeshughulikia BoP siku hiyohiyo.

Jedwali la BoP litoke angalau wiki moja kabla, kisha lifungwe. Le Mans mwaka 2016 liliguswa baada ya kufuzu: Ford ikapunguziwa shinikizo la turbo na kuongezewa uzito, Corvette na Aston Martin wakapewa hewa zaidi. Ford walishinda daraja lao vilevile, na ubishi ukabaki. Ukigundua kosa baada ya kufunga, liandike, waambie madereva wote kwa maneno yaleyale, ulirekebishe kwa mbio zinazofuata.